Kukokotoa kazi dhidi ya mvutano wa dunia: mwongozo kamili, kuanzia gunia la karafuu hadi ndoo ya kisimani

Mwongozo huu umetokana na madaftari. Kila muhula, ninaposahihisha mazoezi ya wanafunzi wa masomo ya ziada hapa Pemba, hukutana na kosa lile lile katika maswali ya kazi na nishati tuli, na kosa hilo si la hesabu. Kuzidisha wanakujua, na kanuni wameihifadhi. Wasichokijua ni kimo kipi wakizidishe. Kwa sababu hiyo hatua inayohusu kimo ndiyo ndefu kuliko zote, na ninamwomba msomaji asiiruke hata akidhani anaijua.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kitu kinapoinuliwa kutoka mahali kilipotulia hadi mahali pa juu zaidi kikatulia tena, kazi iliyofanywa dhidi ya mvutano wa dunia ni sawa na ongezeko la nishati tuli ya kitu hicho, yaani nishati kiliyo nayo kwa sababu ya kimo chake:

Kazi = m × g × (h₂ − h₁)

Hapa m ni tungamo kwa kilogramu, g ni mchapuko wa mvutano (kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde) kwa mita kwa sekunde ya mraba, h₁ ni kimo cha mwanzo na h₂ ni kimo cha mwisho, vyote kwa mita. Jibu hutoka kwa jouli.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa swali la kwenye karatasi, penseli, rula na kikokotoo vinatosha. Anayetaka kupima mwenyewe, na ningependa kila mwanafunzi apime walau mara moja, atafute pia vitu hivi:

– futi ya fundi ya mita 5 au zaidi;
– timazi, ambayo waweza kuitengeneza kwa uzi na jiwe dogo;
– mpira mwembamba unaoonesha ndani, uliotiwa maji, kama ule wanaotumia mafundi waashi kusawazisha msingi;
– mizani yoyote inayosoma kilo;
– fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita 1.

Kuhusu thamani ya g, katika latitudo ya visiwa vyetu ni takriban 9.78, kidogo kuliko ya kwenye ncha za dunia ambako hufika 9.83. Katika mwongozo huu ninatumia 9.78. Mtihani ukisema tumia 10, tumia 10 bila kubishana. Tofauti yake ni kama asilimia 2 tu, na msahihishaji anafuata karatasi yake.

Hatua ya 1: Chora kabla ya kuandika namba yoyote

Chora mstari wa mlalo na uuite sifuri. Kisha weka alama mbili: mahali kitu kilipoanzia na mahali kilipoishia. Usichore njia kwanza. Njia ndiyo inayowapotosha wengi, kwa kuwa jicho huvutwa na urefu wa ubao, idadi ya ngazi au mzunguko wa barabara, ilhali mvutano wa dunia hauulizi umepita wapi.

Mstari wa sifuri unaweza kuuweka popote unapotaka, mradi ukishauweka usiuhamishe hadi swali liishe. Utajua umefaulu ikiwa mtu mwingine anaweza kuutazama mchoro wako na kusema kitu kimepanda kiasi gani, pasi na kulisoma swali.

Hatua ya 2: Tafuta tungamo, na usilichanganye na uzito

Lugha yetu yenyewe inatutega hapa. Sokoni tunasema gunia lina uzito wa kilo 50, na kila mtu anaelewa. Katika fizikia, hizo kilo 50 ni tungamo. Uzito ni kani ambayo dunia inalivutia gunia hilo, nayo hupimwa kwa nyutoni: 50 × 9.78 = nyutoni 489.

Makosa mawili huzaliwa hapo. La kwanza ni kuzidisha kilo kwa mita na kuishia hapo, bila g, ukapata namba isiyo jouli wala kitu kingine chenye jina. La pili ni kinyume chake: swali limetoa uzito kwa nyutoni, na mwanafunzi akazidisha tena kwa 9.78. Kabla ya kuendelea, tazama kipimo kilichoandikwa kando ya namba. Ikiwa ni kilogramu, utazidisha kwa g. Ikiwa ni nyutoni, g imekwisha kuingia ndani yake.

Gramu zigeuze kuwa kilogramu, na sentimita ziwe mita, hapa hapa, wala usisubiri mwisho.

Hatua ya 3: Pima kimo wima

Kimo kinachotakiwa ni tofauti ya wima kati ya alama zako mbili. Neno wima lina maana ya kifundi kabisa: ni mwelekeo ambao uzi wa timazi unautazama ukiachwa ukatulia. Urefu wowote usiofuata uzi huo si kimo.

Gunia kwenye ubao

Tuseme gunia la karafuu kavu la kilo 50 linapandishwa kwenye bodi ya gari iliyo mita 1.2 kutoka ardhini. Vijana wawili wanaliinua moja kwa moja. Wengine wawili wanalisukuma juu ya ubao wa mita 3 ulioegemezwa kwenye bodi. Wanafunzi wengi huandika 50 × 9.78 × 3 kwa wale wa ubao. Sivyo. Kimo ni mita 1.2 kwa wote:

50 × 9.78 × 1.2 = jouli 586.8, yaani karibu jouli 587.

Ubao unapunguza kani ya kusukuma. Kama hakuna msuguano, badala ya nyutoni 489 itahitajika 586.8 ÷ 3, takriban nyutoni 196, lakini itasukumwa kwa umbali mrefu zaidi. Msuguano ukiwapo, na kati ya gunia na ubao upo sana, vijana watafanya kazi ya ziada inayoishia kuwa joto. Kazi hiyo ya ziada ni ya kweli, ila si kazi dhidi ya mvutano, na swali likiuliza ya mvutano peke yake usiiingize.

Ngazi za nyumba

Katika nyumba za Mji Mkongwe ngazi hazilingani: moja ina sentimita 17 na inayofuata 22. Kupima ngazi moja na kuzidisha kwa idadi yake kutakupa jibu baya. Pima kumi, utafute wastani, kisha uzidishe. Au, lililo bora, teremsha timazi kutoka ukingo wa ghorofa hadi sakafu ya chini na upime uzi. Mtu wa kilo 55 anayepanda ngazi 42 zenye wastani wa sentimita 19 amepanda mita 7.98, na kazi yake dhidi ya mvutano ni 55 × 9.78 × 7.98, karibu jouli 4,292. Upana wa kukanyagia ngazi hauhusiki kabisa.

Mkarafuu

Onyo kwanza: usipande mkarafuu kwa ajili ya kupima. Matawi yake ni mepesi kukatika, na kila msimu wa uchumaji watu huanguka.

Pima kwa kivuli. Simamisha fimbo ya mita 1 ikiwa wima, uhakikishe kwa timazi, mahali ambapo ardhi ni tambarare na mti umejitenga kiasi cha kivuli chake kuonekana chote. Mnamo saa tatu asubuhi unaweza kukuta kivuli cha fimbo kina mita 1.2 na cha mti kina mita 10.8. Kimo cha mti ni 10.8 ÷ 1.2 = mita 9. Vivuli vyote viwili vipimwe ndani ya dakika moja au mbili, kwa kuwa jua halikusubiri. Usijaribu karibu na adhuhuri: kwetu jua husimama karibu na utosi, hasa mwanzoni mwa Machi na mapema Oktoba, na kivuli huwa kifupi mno hata kosa la sentimita mbili linaharibu kila kitu.

Sasa tahadhari. Mita 9 ni kimo cha mti, si kimo alichopanda mchumaji. Kama nyayo zake zilifika mita 7 na kuanzia hapo akayavuta matawi ya juu kwa ngowe, basi h ni 7. Mchumaji wa kilo 60 amefanya kazi ya 60 × 9.78 × 7 = jouli 4,107.6 juu ya mwili wake mwenyewe.

Jahazi na gati

Mfano huu ninaupenda kuliko yote, kwa sababu hapa kimo chenyewe hakitulii. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika maeneo yetu inaweza kukaribia mita 4. Jahazi linaelea, gati haliendi popote.

Tuseme magunia 40 ya kilo 50 yanapakuliwa kutoka jahazini hadi juu ya gati. Maji yakiwa yamejaa, magunia yako mita 0.5 chini ya ukingo wa gati. Baada ya takriban saa sita, maji yakiwa makavu, yako mita 3.5 chini yake. Tungamo lote ni kilo 2,000.

Maji yamejaa: 2,000 × 9.78 × 0.5 = jouli 9,780.
Maji yametoka: 2,000 × 9.78 × 3.5 = jouli 68,460.

Mzigo ni ule ule na kazi imekuwa mara saba. Nahodha hahitaji kanuni yetu ili kujua saa ya kupakua, lakini kanuni inamuunga mkono.

Hapa ndipo mstari wa sifuri unapopimwa kama umesimama imara. Ukiuweka kwenye usawa wa bahari, utahama pamoja na maji, na hesabu itavurugika. Uweke kwenye ukingo wa gati. Kwa hali ya maji makavu, h₁ ni −3.5 na h₂ ni 0, hivyo tofauti ni 0 − (−3.5) = 3.5. Wengi huandika −3.5 na kupata kazi hasi, kana kwamba magunia yameporomoka. Kama alama za kutoa zinakusumbua, uweke mstari kwenye sakafu ya bahari: ikiwa magunia yako mita 2 juu yake, ukingo wa gati uko mita 5.5, na 5.5 − 2 ni 3.5 vile vile. Ukipata tofauti ile ile kwa mistari miwili, umefaulu. (Mwanafunzi mwerevu atasema kwamba jahazi huinuka kadiri linavyopakuliwa. Ni kweli, kwa hesabu ya ndani zaidi chukua wastani wa kimo mwanzoni na mwishoni.)

Kutembea na mzigo

Magunia yakishafika juu ya gati, hamali akalibeba moja begani kwa mita 200 kwenye sakafu tambarare, kazi yake dhidi ya mvutano katika mita hizo 200 ni sifuri, kwa kuwa h₂ na h₁ ni sawa. Niliwahi kumweleza hamali mmoja jambo hili. Alinitazama, akalishusha gunia lake begani mwangu bila kusema neno. Misuli huchoma nishati hata ikishikilia mzigo bila kusogea, na nishati hiyo huwa joto na jasho. Ila haimo katika mgh, na anayetafuta jasho humo hatalipata.

Hatua ya 4: Zidisha

Zidisha m kwa g kwanza, uandike matokeo kwa nyutoni, kisha uzidishe kwa tofauti ya kimo. Ukiandika hatua hii ya kati, msahihishaji ataona kwamba uzito wako ni sahihi hata kama kimo kimekushinda, na mara nyingi hilo lina alama yake.

Hatua ya 5: Ikiwa vipande vya mzigo havipandi sawa

Maswali mengi huishia hatua ya nne. Kisima kinadai zaidi.

Uso wa maji uko mita 12 chini ya mdomo wa kisima. Ndoo tupu ina kilo 0.5, maji ni lita 10, yaani kilo 10, na kamba ya mita 12 ina kilo 1.2. Ndoo na maji vyote vinapanda mita 12:

10.5 × 9.78 × 12 = jouli 1,232.3.

Kamba je? Kipande kilichoshikana na mpini wa ndoo kinapanda mita 12, kipande cha katikati kinapanda mita 6, na kile kilichokuwa mkononi tangu mwanzo hakipandi kitu. Kwa kamba yenye unene mmoja, wastani ni nusu ya kina, mita 6:

1.2 × 9.78 × 6 = jouli 70.4.

Jumla ni jouli 1,302.7. Aliyeipa kamba mita 12 amezidisha sehemu yake mara mbili. Aliyeisahau amepunguza zaidi ya asilimia 5.

Sasa ndoo iwe na tundu, kama ilivyo ndoo ya visima vingi ninavyovijua. Inaanza na kilo 10 za maji na kufika juu na kilo 8, ikivuja kwa kiasi kile kile kwa kila mita. Wastani wa maji njiani ni kilo 9, hivyo ndoo na maji vimechukua 9.5 × 9.78 × 12, karibu jouli 1,114.9. Lakini nishati tuli iliyofika mdomoni mwa kisima ni 8.5 × 9.78 × 12 tu, karibu jouli 997.6. Tofauti ya karibu jouli 117 imelipwa kwa maji yaliyopandishwa kisha yakarudi chini. Hapa ndipo njia ya mkato ya kutazama mwanzo na mwisho tu inapodanganya: kanuni inataka ufuatilie kila tone hadi mahali lilipofika kabla ya kuponyoka.

Ukitaka kupima kina cha kisima, teremsha timazi ukiwa umekaa chini, si ukiwa umeinama juu ya mdomo, na watoto wawe mbali.

Hatua ya 6: Amua ishara

Kitu kikipanda, kazi yako dhidi ya mvutano ni chanya, na kazi ya mvutano wenyewe ni hasi kwa kiasi kile kile. Kikishuka, hugeuka. Soma swali linamuuliza nani.

Swali ninalolitumia kuwapima wanafunzi ni hili: mchumaji wa kilo 60 amepanda mita 7 akiwa na pakacha tupu la kilo 0.4, amechuma kilo 5 za karafuu mbichi zilizokuwa kwenye usawa ule ule, kisha ameliteremsha pakacha kwa kamba. Amefanya kazi gani dhidi ya mvutano kwa karafuu hizo?

Karibu darasa zima huandika 5 × 9.78 × 7. Jibu ni kwamba hakuzipandisha hata kidogo. Karafuu zilizaliwa juu. Ni mti uliovuta maji na virutubisho hadi huko. Alichokipandisha mchumaji ni mwili wake na pakacha tupu: 60.4 × 9.78 × 7, karibu jouli 4,135. Karafuu ziliposhuka zilipoteza jouli 342.3 za nishati tuli, na kazi ya mkono wake ilikuwa kuzizuia zisianguke.

Hatua ya 7: Kagua kwa paketi ya sukari

Kumbuka kipimo kimoja: paketi ya sukari ya kilo 1 ikiinuliwa sentimita 10 ni takriban jouli 1. Kwa hiyo kilo 50 kwa mita 1 ni karibu jouli 500, na kilo 60 kwa mita 7 ni karibu 4,200. Jibu lako likiwa mara mia au mara elfu ya makadirio haya, sentimita hazikugeuzwa au gramu zimebaki gramu.

Anayependa kukagua kwa umeme ajaribu tangi. Lita 500 zinazopandishwa mita 6 hadi juu ya paa zinahitaji 500 × 9.78 × 6 = jouli 29,340. Uniti moja ya umeme ni jouli 3,600,000. Hata kama pampu na mabomba yake vinafikisha asilimia 40 tu ya umeme vinaoutumia, itakula jouli 73,350, yaani takriban uniti 0.02.

Maswali matatu ya kujipima

(a) Mtoto wa kilo 30 anapanda ngazi 20 za sentimita 18 kila moja, akiwa na begi la skuli la kilo 4. (b) Sanduku lenye uzito wa nyutoni 200 linasukumwa kwenye mteremko wa mita 5 unaoishia mita 1.5 juu ya mwanzo wake. (c) Kamba ya mita 8 yenye kilo 2 inaning'inia kutoka ukingo wa paa na inavutwa yote hadi juu.

Majibu: (a) 34 × 9.78 × 3.6, karibu jouli 1,197. (b) 200 × 1.5 = jouli 300. (c) 2 × 9.78 × 4, karibu jouli 78.2. Uliyepata 1,000 katika (b) umepima ubao badala ya timazi. Rudi Hatua ya 3. Uliyepata 156.5 katika (c), rudi kisimani.